Boti ya Masese: shajara ya kutafuta ilikojengwa

Februari, mwanzoni

Boti imeshaingia karakana yetu hapa Masese, Jinja, kando ya Ziwa Victoria. Tumeiteremsha kwenye lori na kuisukuma juu ya magogo hadi chini ya paa. Vipimo kwanza: urefu futi 22 na inchi 4 kutoka omo (ncha ya mbele) hadi tezi (ncha ya nyuma), upana futi 6 na inchi 3 pale katikati. Omo limesimama wima. Tezi limekatwa bapa na kuingia ndani kidogo kwa juu. Mbao za ubavuni zimekutana ukingo kwa ukingo. Ina sitaha fupi mbele, nafasi ya injini katikati, na viti vilivyozunguka kule nyuma. Injini hakuna. Usukani, shafti na rafadha (pangaboi ya kusukuma boti) vipo. Mkuku, ule uti wa chini wa boti, umeoza sehemu ya nyuma, na mbao tatu za upande wa kulia hazifai tena. Nyingine zote ukizigonga zinalia vizuri.

Mwenye boti ana hoteli ya ufukweni. Alinunua kiwanja kando ya ziwa, na ndani yake kulikuwa na banda la mabati lililoanguka juu ya boti hii, matete yakaota pande zote. Anataka mambo mawili: irudi majini, na ajue imetoka wapi. Hili la pili lina haraka kwake, kwa sababu kuna mtu wa Ulaya aliyeiona kwenye picha akamwambia kwamba kama imetengenezwa Uingereza na watu wenye jina, bei yake itakuwa nyingine kabisa.

Masese nzima ina jibu tayari. Wavuvi wanasema ni boti ya reli. Mzee anayeuza nyavu anasema ilikuwa ikibeba abiria wa zile ndege zilizokuwa zikitua majini Port Bell, bandari ya Kampala. Wengine wanasema ni ya tajiri wa pamba. Ila wote wanakubaliana kwamba ilitoka Uingereza, maana, wanasema, kazi safi namna hii haikufanyika hapa.

Kauli hiyo ndiyo iliyonitia kalamu mkononi. Babu yangu aliunda mashua Mombasa kabla hajaja huku kwa kazi ya reli, baba akaendelea Kisumu na hapa Jinja, na mimi ni wa tatu. Najua watu waliokuwa hapa waliweza nini. Lakini sitaki kuifanya boti iwe ya hapa kwa sababu tu naitamani iwe hivyo. Nataka boti yenyewe itoe ushahidi.

Kwa hiyo nimeweka sheria karakanani: hakuna msasa, hakuna randa, hakuna kuosha kwa maji ya nguvu mpaka kila ubao upigwe picha na kupewa namba kwa chaki. Msasa hula alama za penseli, hula rangi za zamani, hula alama za tezo (kishoka cha kuchongea), na vikiondoka havirudi. Rangi ya chini kabisa upande wa majini ni nyekundu ya madini ya risasi, sumu hiyo, kwa hiyo tunakwangua ikiwa imeloweshwa na vijana wote wanavaa barakoa. Hapo sina mjadala na mtu.

Februari, katikati

Kasha lililo chini ya kiti cha nyuma lilikuwa na kufuli la shaba njano, limeganda kwa kutu ya kijani. Baada ya kulilowesha mafuta na kulisugua kwa kitambaa zilijitokeza herufi: E.A.R.&H. Vijana walishangilia. Boti ya reli!

Kufuli ni la reli, hilo ni kweli. Herufi hizo ni za East African Railways and Harbours, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Lilizaliwa 1948, pale reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ya Tanganyika, na likagawanywa 1969, reli upande wake na bandari upande wake. Kwa hiyo kufuli lina umri unaojulikana. Lakini kufuli hutembea. Nyumba ngapi za mtaa wa Walukuba hapa Jinja ambazo mzee wa reli alistaafu akaondoka na kufuli lake? Zaidi ya hayo, pale lilipofungwa kuna matundu mengine ya skrubu yaliyozibwa kwa vijiti na kupakwa rangi juu. Komeo la kwanza lilikuwa jingine. Hili lilikuja baadaye.

Nimelipeleka kwenye makumbusho ya reli pale stesheni ya Jinja, wakalitazama, wakakubali herufi ni zao. Juu ya boti hawakuwa na la kusema, na sikutegemea.

Nilichunguza pia darumeti kuu, ile boriti inayoshika sitaha mbele ya injini. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1894 ilitaka meli iliyosajiliwa ichongwe namba yake rasmi na tani zake kwenye boriti kuu. Nimepitisha tochi kwa ubavu, nimepapasa kwa vidole, nimepaka chaki na kuifuta. Hakuna hata mkwaruzo.

Rangi nazo zina maneno yao. Nimekwangua kijidirisha kimoja ubavuni, ngazi kwa ngazi: buluu ya juu, kijani, kijivu, nyeupe, halafu vanishi iliyokaa juu ya mbao tupu. Boti hii ilianza maisha ikiwa na vanishi, mbao zake zikionekana. Chombo cha kazi hupakwa rangi, kwa sababu rangi huvumilia kamba, magunia na jua. Vanishi hutaka mtu wa kuirudia mara kwa mara, na mwenye nafasi ya kufanya hivyo ni mtu aliyekuwa na boti ya kutembelea, pamoja na mtumishi wa kuitunza.

Kuhusu ndege: ni kweli kuanzia 1937 ndege za Imperial Airways, zilizotoka Southampton kwenda Durban, zilitua Port Bell na Kisumu, na abiria walishushwa kwa boti. Lakini boti ya kusogea ubavuni mwa ndege ya bati jembamba lazima iwe na kinga nene pande zote, na kinga hiyo ingeacha matundu ya boliti na msuguano. Ukingo wa boti hii ni mwembamba na mzima. Hakuna mahali pa kinga.

Februari, mwishoni

Mbao. Hapa nimekaa muda mrefu, na sijutii.

Mmiliki aliambiwa ni msaji (mtiki). Kwa macho unaweza kukubali: rangi ya asali iliyoiva, mafuta kidogo ukipitisha kidole. Nimechukua kipande kutoka ubao ulioharibika, nikakikata upande wa kichwa kwa wembe mpya, nikakilowesha, nikakiweka chini ya lenzi. Msaji huonyesha vitundu vikubwa vilivyojipanga mstari, msimu baada ya msimu. Hapa hakuna mstari. Vitundu ni vichache, vimetawanyika, na kila kimoja kimezungukwa na nyama ya rangi hafifu inayotoka pembeni kwa mabawa mawili. Huo ni mvule.

Uthibitisho wa pili ulikuja wenyewe. Katika ufa mmoja wa ubao kulikuwa na kitu cheupe kigumu, urefu wa ukucha. Fundi yeyote wa Busoga, eneo letu hili, anakijua: ni lile jiwe la mvule, chokaa ambayo mti hujiwekea ndani ya jeraha lake, na ndiyo inayong'oa meno ya msumeno. Nikadondosha ndimu, likachemka povu. Mwanafunzi wangu alipiga chafya mchana kutwa kwa vumbi la ule ubao, na hiyo nayo ni tabia ya mvule.

Basi imejengwa hapa? Hapana, bado. Mvule ulisafirishwa sana kwenda Uingereza, na huko walizoea kuutumia mahali pa msaji. Mbao za ubavu zinaweza kuvuka bahari kwenda na kurudi zikiwa boti. Inabidi nitafute kitu ndani ya boti hii ambacho hakuna mtu angekipakia melini.

Machi

Misumari chini ya mstari wa maji ni ya shaba nyekundu, ya pembe nne, imepigwa kutoka nje na kufungwa ndani kwa kipete kisha ncha ikagongwa bapa. Ni mtindo wa Kiingereza, ila wahunzi na maseremala wa nchi nyingi waliufuata. Skrubu zote zina mfuo mmoja kichwani, na fundi aliihangaikia kazi yake: kila skrubu ya ukingo wa juu mfuo wake umelala kufuata urefu wa boti. Ukipita macho kutoka omo hadi tezi hukuti hata mmoja uliokaa upande. Hiyo haiongezi nguvu hata chembe. Ni heshima tu ya mtu kwa kazi yake, na nimewaita vijana wote waje kuitazama.

Boliti za kitako cha injini nimezipima. Boliti ya nusu inchi ya kipimo cha Whitworth ina nyuzi 12 kwa kila inchi. Ya kipimo kilichokuja baadaye, kile Waingereza, Wamarekani na Wakanada walichokubaliana baada ya vita, ina 13. Nimehesabu kwa sindano: 12. Zote. Kwa hiyo kitako cha injini kimefungwa kwa vifaa vya Kiingereza vya zamani, na hakikubadilishwa.

Injini yenyewe haipo ila imeacha nyayo. Kuna matangi mawili, moja dogo na moja kubwa, na bomba zake zinakutana kwenye bilula moja ya njia mbili. Mpangilio huo ni wa injini inayowashwa kwa petroli, ikishapata joto inahamishiwa mafuta ya taa, ambayo yalikuwa ya bei nafuu. Chini ya mbao za sakafu, ndani ya tope la mafuta katika banduru (pale chini maji yanapokusanyika), tumepata kibao cha shaba kilichovunjika chenye herufi BERG na chini yake GLASGOW. Bergius wa Glasgow ndio waliotengeneza injini za Kelvin, na Kelvin za petroli na mafuta ya taa zilitapakaa kwenye mito na maziwa ya dunia nzima. Rafadha imegongwa 18 x 12: upana inchi 18, na kila mzunguko ungeisogeza boti inchi 12 kama maji yasingeteleza. Rafadha kubwa ya mwendo wa taratibu, inayolingana na injini nzito ya namna hiyo.

Mmiliki alipokiona kibao alifurahi mno. "Si nilikwambia, fundi? Glasgow!"

Nikamwambia, mzee, Glasgow ni injini. Lori likiwa na injini ya Kijapani na bodi iliyoundwa Katwe, Kampala, utasema bodi ni ya Japani? Bergius waliuza injini peke yake, kwenye kreti, kwa yeyote aliyelipa. Na kibao hiki hakikupigiliwa kwenye mbao, kina matundu ya skrubu ndogo za chuma. Kilitoka kwenye injini.

Ninaelewa kwa nini watu hudhani kila kitu kilishuka kikiwa kizima. Meli kubwa za ziwa hili zilikuja kweli kutoka ng'ambo, vipande vilivyopewa namba, zikaunganishwa Kisumu: William Mackinnon iliyoshushwa majini 1900, na nyingine baada yake hadi Victoria iliyoanza kazi 1961. Mtu aliyekua akisikia hadithi hizo hawezi kulaumiwa. Ila hata kule Kisumu waliozigonga ribiti zile meli walikuwa mafundi wa hapa, Waafrika na Wahindi, na mafundi hao jioni waliporudi nyumbani hawakuacha mikono yao kazini.

Aprili

Mvua. Turubai limechanika usiku na tumeshinda tukifua maji na kufunika. Hakuna uchunguzi. Mbao zilizolowa zinaonyesha rangi vizuri zaidi, kwa hiyo nimepiga picha chache za ziada.

Aprili, mwishoni

Mataruma! Nimekuwa nikiyaacha kwa sababu yamefunikwa na mbao za ndani, na sikutaka kung'oa kitu kabla ya kuandika kila kitu. Sasa tumezilegeza mbao za upande wa kushoto, skrubu moja moja, na nimeiona mifupa ya boti.

Karakana ya Kiingereza ikijenga boti ya ukubwa huu ilikuwa ikitumia mataruma membamba ya mti laini wa kupinda, yaliyopikwa kwa mvuke na kukunjwa yakiwa moto. Ukiyatazama utaona nyuzi za mti zikifuata mkunjo kwa sababu zimelazimishwa. Haya hayakupikwa. Ni mazito, yamechongwa, na nyuzi zake zinafuata mkunjo kwa sababu tawi lenyewe liliota limepinda. Ndivyo tunavyofanya Pwani: unaingia porini na kigezo cha kadibodi au cha ubao, unatafuta tawi lenye mkunjo unaoutaka, unalikata, unalimalizia kwa tezo. Alama za tezo zipo, magamba mapana na ya chini, yote yakitoka upande mmoja, mkono wa kulia.

Na si mvule. Ni mti mweusi zaidi, wenye ukingo mweupe wa nje ulioachwa hapa na pale ambapo tawi halikutosha. Nilimwita fundi mzee wa Kisoga anayeunda mitumbwi pale chini. Alilipapasa taruma moja, akalinusa, akasema bila kusita, "Mugavu." Akaenda zake na kurudi na kipande cha tawi la mugavu alilolikata mwenyewe. Tuliviweka pamoja chini ya lenzi, kibichi na kikuukuu, na hakuna tofauti ila umri.

Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Mbao za mvule zilizopasuliwa zilikuwa biashara. Zilipakiwa behewani Jinja, zikateremka Mombasa, zikaenda. Lakini nani angepakia matawi yaliyopinda ya mugavu kwenda kujengea boti Uingereza? Mugavu unaota kwenye mashamba ya Busoga na Buganda, kando ya migomba. Aliyeyachagua matawi haya aliutembelea mti ukiwa umesimama.

Vipimo: taruma hadi taruma inchi 9, bila kukosea. Lakini pande mbili za boti hazilingani. Pale katikati upande wa kushoto umejaa zaidi ya wa kulia kwa karibu inchi moja. Viwanda vilivyotoa boti nyingi za aina moja vilikuwa na vigezo vya kudumu, na tofauti kubwa hivyo ingeonekana mapema. Hii ilijengwa kwa jicho, na lilikuwa jicho zuri, la mtu aliyeiona boti ya Kiingereza au mchoro wake na kulifuata umbo.

Mei

Nyuma ya mbao za viti, mahali ambapo hakuna jua lililowahi kufika, kuna maandishi ya penseli ya seremala. Tarakimu, na maneno mawili mafupi yanayorudiwa. Si herufi zetu.

Hapa Masese neno la kawaida ni kwamba kazi yoyote ya Mhindi wa zamani ni ya kalasinga, kwa sababu Masingasinga walikuwa mafundi wengi wa reli na wa viwanda vya pamba. Nami nilitegemea hivyo. Lakini maandishi ya Kipunjabi, kama ya Kihindi, huning'inia chini ya mstari wa juu, na haya hayana mstari. Niliipeleka picha kwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Main Street. Alivua miwani, akaisogeza simu karibu na jicho. Ni Kigujarati, akasema: kulia, kushoto, na namba za mbao. Mtu aliyekuwa akipanga vipande vyake asije akavichanganya.

Tukakaa kwa chai. Mzee akanieleza kwamba kwao Kutch, India, watu huandika kwa herufi hizo hizo, na kwamba mji wa Mandvi umeunda vyombo vya baharini tangu karne nyingi zilizopita. Hilo mtu wa Pwani halihitaji maelezo. Majahazi ya Kutch yalikuwa yakiingia Mombasa na Zanzibar kwa kaskazi wakati babu wa babu yangu ni mtoto. Kama fundi aliyeijenga boti hii alitoka huko, basi alikuwa na bahari nyuma yake, na tezo, na mazoea ya kutafuta mataruma porini. Sitasema alikuwa wa Mandvi. Nasema aliandika Kigujarati, na alichonga namna ile.

Mei, mwishoni

Kuna bibi Walukuba ambaye kila mtu aliniambia nimwone. Mtaa ule tangu ulipojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda umekusanya makabila yote, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, kwa hiyo tulizungumza bila mkalimani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ajili ya ile boti ya Mhindi wa jini?"

Jini hapa ndiyo kinu cha pamba, kinachochambua mbegu. Baba yake alikuwa mlinzi katika nyumba ya mwenye kinu. Sikumtajia mwaka wala sikumwonyesha picha kwanza; nilimwacha aieleze. Alitaja omo la wima, viti vya kuzunguka nyuma, na rangi ya mbao inayong'aa "mpaka unajiona". Nikajua tunaongelea boti ile ile, kwa sababu vanishi iko chini ya tabaka nne za rangi na hakuna mtu wa Masese aliyewahi kuiona.

Nikamuuliza ilikuwapo lini. Akapima kwa matukio, kama wazee wote wanavyofanya. Siku Malkia wa Uingereza alipokuja kufungua bwawa la Owen Falls, boti ilifungwa bendera na watoto wa tajiri wakapandishwa. Hiyo ni Aprili 1954. Baadaye, karibu na uhuru, ziwa lilipanda na banda likaingia maji. Na kweli kuanzia 1961 hadi 1964 maji ya Ziwa Victoria yalipanda zaidi ya mita mbili. Waliivuta juu zaidi. Mwaka 1972 Amin alipowapa Wahindi siku 90, familia ikaondoka na mizigo ya mkononi. Injini iling'olewa na watu waliokuja baada yao, hakuwajua.

Na aliyeijenga?

"Fundi Mhindi, mwembamba, hakuwa na kilemba. Na mjomba wangu."

Mjomba alikuwa mtu wa Pwani aliyemuoa dada wa mama yake. Kazi yake ilikuwa kukalafati, yaani kuziba mishono ya mbao kwa pamba. Waliijenga nyuma ya kinu, chini ya mwembe, na bibi alikuwa akitumwa kuwapelekea uji. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: zilikuwa boti mbili. Ya pili ilikuwa fupi kidogo na ilichukuliwa visiwani Buvuma.

Juni

Nimerudi kwenye boti nikiwa na swali jipya. Kama mkalafati alitoka Pwani, mkono wake ungeonekana wapi?

Kwanza kwenye kalafati yenyewe. Nimefungua mshono mmoja karibu na mkuku, uzi kwa uzi. Pamba ya kiwandani ya kukalafati husokotwa kamba laini zinazolingana. Hii imesokotwa kwa mkono, nene hapa, nyembamba pale, na ndani yake kuna vipande vya mbegu ya pamba. Vipande vyeusi kabisa, nimevitenga kwenye karatasi nyeupe. Pamba ghafi ya Busoga, imeokotwa sakafuni mwa kinu.

Pili, pembeni mwa mkuku, chini ya ile rangi nyekundu ya risasi, kuna ukoko mweupe wenye utelezi kidogo ukiukwaruza kwa ukucha. Mwanzoni nilifikiri ni lile jiwe la mvule. Lakini jiwe hukaa ndani ya nyufa za mti, na huu umetandazwa juu ya ubao, unapita juu ya mishono, na una alama za kupakwa kwa kiganja. Nikadondosha ndimu, ukachemka. Nikaupasha moto kidogo kwenye kijiko, ukatoa harufu ya shahamu iliyooza.

Ni deheni. Chokaa na shahamu, dawa ya chini ya chombo. Nimekua nikiipaka, mikono inawaka kwa chokaa. Pwani tunaipaka kwa sababu ya mdudu anayekula mbao majini, na mdudu huyo anaishi kwenye maji ya chumvi tu. Katika ziwa hili hayupo. Fundi wa Glasgow au Southampton asingeipaka, na Msoga wa mitumbwi hana haja nayo. Anayepaka deheni kwenye maji baridi ni mtu ambaye amefundishwa tangu utotoni kwamba chombo hakishuki majini bila deheni, basi. Nilikaa chini pale pembeni ya mkuku kwa muda. Kwetu tunafundishwa vivyo hivyo.

Juni, mwishoni

Mwenye boti alikuja na kuketi juu ya gogo. Nilimwonyesha kila kitu kwa mpangilio, taruma, penseli, mbegu, ukoko, kibao cha Glasgow, kufuli.

"Sasa, fundi, yule wa Ulaya nimwandikie nini?"

Nikamwambia amwandikie hivi: bodi imejengwa Jinja kabla ya 1954, kwa mvule na mugavu, na seremala aliyeandika Kigujarati na mkalafati wa Pwani, injini ilikuwa Kelvin ya Glasgow, haipo, hakuna ushahidi wa karakana yoyote ya Uingereza. Alinyamaza, akauliza kama siwezi kuandika tu "mtindo wa Kiingereza". Nikasema umbo ni la Kiingereza na hilo nitaliandika, lakini mahali ilikojengwa sitaliacha tupu ili msomaji ajazie mwenyewe London. Tulibishana, kwa heshima. Mwishowe alisimama, akapitisha kiganja kwenye ukingo wa juu, pale penye zile skrubu, akasema niandike nilivyoona, na kwamba haiuzi tena kwa sasa.

Kazi inayofuata: mkuku mpya wa nyuma na zile mbao tatu. Mvule siku hizi ni adimu na ghali, lakini kuna mkulima upande wa Kamuli mwenye gogo lililokauka vizuri, tumeshazungumza bei. Misumari ya shaba nimeagiza Mombasa. Mbao za ndani zenye penseli zitarudi mahali pake bila kuguswa, na mbele yake nitaweka kibao cha kufunguka ili anayetaka kuona aone.

Jumamosi navuka kwenda Buvuma kutafuta ile ya pili. Wavuvi wawili wameniambia kuna mzoga wa boti ya zamani umegeuzwa kuwa paa la banda la kuku. Nachukua tepu, wembe, lenzi na ndimu. Mataruma yake yakiwa inchi 9 na upande wa kushoto umejaa kuliko wa kulia, nitakuwa nimempata fundi yule yule mara mbili.